Jumamosi saba kati ya nane: tathmini ya kozi ya uuzaji wa matangazo ya redio

Nimeuza matangazo ya redio mjini Morogoro kwa miaka sita, na katika miaka hiyo yote sikuwahi kufundishwa kazi hii na mtu yeyote. Siku niliyoajiriwa nilikabidhiwa orodha ya bei, kitabu cha ankara na tageti ya mwezi, nikaambiwa niingie mtaani, nami nikaingia. Wengi tulio katika redio za mikoani tumeanza hivyohivyo: mtangazaji anasomea utangazaji, fundi mitambo anasomea mitambo, lakini yule anayetafuta fedha za kuwalipa wote wawili hutarajiwa kuwa na mdomo tu. Kwa hiyo nilipopata habari za kozi ya Jumamosi nane kwa maofisa mauzo wa vyombo vya habari, itakayofanyika Kinondoni, Dar es Salaam, kwa ada ya shilingi 480,000, sikusita kuomba nafasi. Jina la waandaaji silitaji, kwa sababu miongoni mwa nitakayoyaeleza yamo malalamiko ambayo bado tunayazungumza nao. Ninachotathmini hapa ni mafunzo yenyewe, na kama yanastahili fedha na muda wa mtu anayetoka nje ya Dar es Salaam.

Nianze na gharama, maana tangazo la kozi lilitaja ada peke yake. Kutoka Morogoro nilitumia treni ya SGR, ambayo tangu ilipoanza kubeba abiria Juni 2024 imewezesha safari ya aina hii kufanyika ndani ya siku moja. Tiketi ya daraja la kawaida ni shilingi 13,000 kwenda na kiasi hichohicho kurudi, hivyo Jumamosi nane zilinigharimu shilingi 208,000 za treni, kabla sijahesabu bodaboda ya kunifikisha stesheni pale Kihonda, basi la mwendokasi la kutoka Gerezani hadi Morocco, na chakula cha mchana ambacho waandaaji hawakukitoa. Ofisi ilinilipia nusu ya ada, nusu nyingine na nauli yote vikatoka mfukoni mwangu. Ninayataja haya ili msomaji aelewe kwamba nilikaa darasani kwa jicho la mtu aliyelipa.

Tulikuwa watu 16, wengi wao kutoka redio na televisheni za Dar es Salaam, wawili kutoka gazeti moja, na watatu tu kutoka mikoani. Mkufunzi mkuu alikuwa mama mmoja aliyefanya kazi miaka mingi kwenye kampuni za mawakala wa matangazo kabla ya kuhamia upande wa redio, na sote tulimwita Madam. Somo la kwanza alilianza bila utambulisho mrefu. Aliuliza, mmoja baada ya mwingine, redio yako ina nafasi ngapi za matangazo kwa siku. Hakuna aliyejua. Kuna aliyetaja idadi ya matangazo aliyouza mwezi uliopita, kuna aliyetaja bei, lakini idadi ya nafasi zilizopo hakuna aliyekuwa nayo, na mimi nilikuwa miongoni mwao. Madam akasema kwamba muuza nyanya wa soko la Ilala anajua ana matenga mangapi na anajua yataoza lini, ilhali sisi tunauza bidhaa inayooza kila sekunde na hatujui tunayo kiasi gani.

Kisha akatufanyisha hesabu. Kama redio imejiwekea dakika 12 za matangazo kwa kila saa, hizo ni sekunde 720, sawa na nafasi 24 za tangazo la sekunde 30. Kuanzia saa kumi na mbili asubuhi hadi saa nne usiku kuna saa 16, kwa hiyo nafasi ni 384 kwa siku. Kila mmoja alitakiwa kurudi kazini, achukue logi ya urushaji, yaani kumbukumbu ya yote yaliyoruka hewani, ya wiki nzima, na aandike saa kwa saa ni nafasi ngapi zilijazwa na matangazo ya kulipiwa. Kazi hiyo ilinichukua jioni tatu, na matokeo yake yalinitia aibu. Kipindi chetu cha asubuhi kilikuwa kimejaa hadi tulikuwa tunazidisha dakika, na wasikilizaji walikuwa wakilalamika. Kati ya saa saba na saa kumi alasiri kulikuwa na siku ambazo nafasi zilizolipiwa hazikufika tano kwa saa. Lakini kilichonishtua zaidi ni mahali punguzo lilipokuwa. Punguzo karibu lote nililokuwa nimewapa wateja mwaka ule nilikuwa nimelitoa kwenye saa za asubuhi, yaani kwenye bidhaa niliyokuwa nimepungukiwa, na zile saa za mchana nilizokuwa nazo tele nilikuwa nikizigawa kama nyongeza ya bure, hivyo nikawafundisha wateja wenyewe kwamba hazina thamani.

Kama kozi ingeishia hapo ningehesabu kwamba nusu ya ada imerudi.

Somo la pili lilikuwa la historia na lilinichosha. Tulielezwa juu ya tangazo linalotajwa kuwa la kwanza kulipiwa redioni nchini Marekani, lililorushwa na kituo cha WEAF cha New York tarehe 28 Agosti 1922, ambapo kampuni ya majumba ya Queensboro ililipa dola 50 kwa dakika kumi za kuzungumzia nyumba zake za Jackson Heights. Funzo alilotaka tulipate lilikuwa zuri: msemaji yule hakuisifia redio, alizungumzia hewa safi na maisha ya familia mbali na msongamano wa mji, yaani alizungumzia kile mnunuzi anachokitamani. Lakini funzo hilo lingeweza kutolewa kwa dakika kumi kama tangazo lenyewe, nasi tulikaa nalo karibu saa mbili. Historia ambayo ingenisaidia zaidi ni ya hapa kwetu, jinsi Sheria ya Huduma za Utangazaji ya 1993 ilivyofungua mlango kwa redio binafsi na jinsi redio hizo zilivyolazimika kujitafutia riziki kwa matangazo. Mazoea mengi tunayogombana nayo leo, kama vile mteja kudhani kwamba kusomewa salamu za biashara yake hewani ni jambo la hisani, nadhani yana asili yake huko. Hilo halikuguswa.

Somo la tatu ndilo lililobadilisha namna ninavyofanya kazi, na nitalieleza kwa kirefu.

Madam aliweka meza na kiti mbele ya darasa, akakaa na daftari la mauzo na simu mbili, akasema yeye sasa ni mwenye duka la vifaa vya ujenzi na atakayetaka aje amuuzie tangazo. Alijitokeza kijana mmoja mchangamfu, msemaji hodari, akaamkia vizuri, akaanza: sisi ni redio namba moja mkoani, tunasikika wilaya zote, tuna watangazaji wenye mvuto, na mwezi huu tuna ofa. Madam aliendelea kuandika kwenye daftari lake. Simu moja ikaita, akaipokea, akaagiza nondo, akaikata. Kijana akaendelea na ofa. Baada ya dakika kama mbili Madam akanyanyua uso na kusema kwa upole: “Haya mwanangu, acha hiyo karatasi hapo, nitakupigia.” Darasa zima liliangua kicheko, na kilikuwa kicheko cha maumivu, kwa sababu hakuna kati yetu ambaye hajaambiwa maneno hayo na kusubiri simu ambayo haikupigwa.

Akamwambia kijana atoke nje, aingie upya, na kwa dakika kumi asitaje redio hata mara moja. Anaruhusiwa kuuliza tu. Hapo ndipo tulipoona ugumu wa kazi yetu, maana kijana yuleyule aliyekuwa hodari wa kusema aliuliza maswali mawili, “biashara inaendaje” na “changamoto ni zipi”, kisha akanyamaza. Madam akatuandikia ubaoni aina ya maswali ambayo mfanyabiashara huyajibu bila kuona anachunguzwa, kwa kuwa ni mambo anayoyawaza kila siku: bidhaa gani imekaa stoo muda mrefu kuliko ulivyotarajia, siku gani za wiki duka hupoa, mteja anayekuachia faida kubwa ni wa namna gani, huyo mteja hukujia akiwa ameshaamua au huja kuulizia bei, na zamani ulipotangaza ulijuaje kama tangazo limekusaidia au halikukusaidia. Swali la mwisho alisisitiza lisikosekane, kwa kuwa mteja aliyewahi kuumia ana kidonda, na muuzaji asiyekijua atakigusa bila kukusudia.

Jumatatu iliyofuata nilikwenda kwa mzee mmoja anayeuza vifaa vya ujenzi, si mbali na Msamvu, ambaye kwa miaka mitatu alikuwa ananiambia nimpitie mwezi ujao. Nilimwamkia, nikakaa kwenye benchi la wateja, na sikufungua mkoba. Nilimuuliza juu ya stoo. Akanionyesha mabati. Akaniambia saruji inatoka kila siku lakini faida ya mfuko mmoja ni ndogo mno, anaiweka dukani ili mteja asiende kwingine. Mwenye faida ni mtu anayeezeka nyumba nzima, ambaye kwa makadirio yake humwachia kama shilingi 120,000 baada ya gharama zote. Nikamuuliza mtu wa namna hiyo huamuaje pa kununua. Akacheka, akasema, “Anaamua fundi.” Na fundi yuko wapi mchana? Yuko juu ya paa au kwenye msingi, na redio ndogo imening'inia kwenye msumari.

Mtu aliyekaa somo la kwanza ataona mara moja jambo hili linapoelekea. Zile saa za mchana nilizokuwa nikizigawa bure ndizo saa ambazo mafundi wako kazini na masikio yao hayana kazi nyingine. Nilirudi kwa mzee siku ya tatu na ukurasa mmoja: matangazo ya sekunde 30 kati ya saa sita na saa kumi, siku za kazi tu, kwa mwezi, shilingi 600,000 kabla ya kodi. Sikumwandikia habari za idadi ya wasikilizaji. Nilimwandikia kwamba wateja watano wa paa zima wanarudisha gharama kwa hesabu yake mwenyewe, na wa sita ni faida. Tangazo lenyewe halikusema “bei poa, karibuni nyote” kama yalivyo matangazo yote ya maduka ya ujenzi; lilimwambia fundi kwamba dukani pale kuna kijana atakayekuja kupima paa bure na kutoa idadi kamili ya mabati, ili asiaibike mbele ya mwenye nyumba kwa mabati kupelea. Mzee aliweka daftari la kaunta la kuandika kila anayeomba kupimiwa na alikosikia. Mwezi wa kwanza walioandikwa “redio” walikuwa tisa, na sita kati yao walinunua. Siwezi kudai kwamba kila duka litapata hivyo, na mwezi wa pili, mvua zilipochanganya, waliandikwa wanne tu. Lakini ilikuwa mara ya kwanza katika miaka sita kwa mimi na mteja kuangalia karatasi moja na kukubaliana kilichotokea.

Kuhusu mpangilio wa matangazo kozi ilikuwa na jambo moja la maana ambalo nilikuwa nikilifanya kinyume. Mteja mwenye bajeti ya matangazo 30 nilizoea kumpangia tangazo moja kwa siku, mwezi mzima, naye alifurahi kwa kuwa aliona “mwezi mzima”. Madam alituonyesha kwamba msikilizaji wa kawaida hasikilizi kila siku wala saa zote, hivyo tangazo moja kwa siku humpata mtu mara moja, akalisahau kabla ya kulisikia tena. Ni afadhali matangazo hayo 30 yabanwe ndani ya siku sita, matano kwa siku, katika wiki ambayo mnunuzi anaamua. Kwa Morogoro wiki hizo zinajulikana: wauza mbegu na mbolea wanahitaji sauti kabla mvua za masika hazijaanza Machi, shule binafsi zinatafuta wanafunzi baada ya mtihani wa darasa la saba wa Septemba hadi Januari shule zinapofunguliwa, na mwanzoni mwa Agosti mji wote unatazama maonyesho ya Nane Nane. Kalenda hiyo niliitengeneza mwenyewe baada ya somo. Darasani mifano ilikuwa ya sikukuu za Dar es Salaam na kampeni za kampuni za simu.

Hapo ndipo yanapoanza malalamiko yangu. Kozi hii imeandaliwa na mtu anayemfikiria ofisa mauzo mwenye kiyoyozi, ambaye wateja wake ni benki, kampuni za simu na viwanda vya vinywaji, na ambaye kila robo mwaka ana takwimu za utafiti wa wasikilizaji mezani. Somo la nne lilihusu takwimu hizo. Kanuni ya gharama kwa wasikilizaji elfu moja ilielezwa vizuri: tangazo la shilingi 20,000 linalosikika na watu 40,000 linamgharimu mteja shilingi 500 kwa kila watu elfu moja, na kwa kipimo hicho anaweza kulinganisha redio mbili zenye bei tofauti. Lakini nilipouliza tufanye nini sisi ambao tafiti za kitaifa hutupita, au hutuhesabu kwa sampuli ndogo ya wilaya moja, jibu la kwanza lilikuwa kwamba tuagize utafiti wetu. Gharama ya utafiti wa namna hiyo ni kubwa kuliko mauzo yetu ya miezi kadhaa.

Kwa haki ya Madam, alirudi kwenye swali langu baada ya mapumziko na kulijibu vizuri zaidi. Alisema redio ndogo isidai kuwa namba moja, kwa kuwa mteja amelisikia neno hilo kwa kila anayeingia mlangoni. Ihesabu simu na ujumbe mfupi unaoingia kwenye kila kipindi, ipange kwa kata na kwa saa, na ipeleke hesabu hiyo kama ilivyo, pamoja na udhaifu wake. Nimefanya hivyo na ninakiri kwamba karatasi ya kata, hata yenye namba ndogo, inazungumza na mfanyabiashara wa Kihonda au Mkundi kuliko asilimia ya taifa zima.

Tatizo ni kwamba jibu hilo lilifuatwa mara moja na ushauri ambao haukupaswa kutolewa hivyo. Mkufunzi wa pili, aliyekuja kufundisha somo la tano juu ya mauzo ya kidijitali, alituhimiza tukusanye namba za simu za wasikilizaji wanaopiga studio, tutengeneze orodha, na tuwauzie wateja huduma ya kuwatumia ujumbe. Hakugusia kabisa Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, ambayo imeanza kutumika tangu Mei 2023. Mtu aliyepiga simu kuomba wimbo hakutoa namba yake ili auziwe mabati. Nilipolisema hilo nilijibiwa kwamba “kila mtu anafanya”. Sehemu iliyobaki ya somo hilo ilikuwa maonyesho ya programu ya kutunza kumbukumbu za wateja, inayolipiwa kwa dola kila mwezi, na mwishoni tukagawiwa fomu za kujiunga. Nililipa ada ili nifundishwe, nikakalishwa saa mbili na nusu ili niuziwe. Isitoshe, daftari langu la shilingi 3,000 lenye safu nne, yaani jina la mteja, tarehe ya mwisho tulipozungumza, alichosema na nitakachofanya, linaniambia yote ambayo programu ile ingeniambia.

Somo la sita, juu ya bei na punguzo, lilikuwa fupi na lenye manufaa. Madam aliandika ubaoni hesabu moja na kuiacha ituchome: matangazo 100 kwa shilingi 20,000 ni shilingi 2,000,000, lakini ukikata asilimia 20, kila tangazo linashuka hadi shilingi 16,000, na ili upate fedha ileile unahitaji kuuza matangazo 125. Je, hayo 25 una pa kuyaweka, na una mtu wa kuyauzia? Ushauri wake ni kwamba mteja akibana bei, punguza idadi au hamisha saa, usiguse bei ya nafasi moja, kwa kuwa bei uliyoiuza leo ndiyo mteja mwenzake atakayoisikia kesho kijiweni. Katika somo hilohilo alituonya juu ya matangazo ambayo fedha yake ina moto, hasa ya dawa, ambayo ni lazima yawe na kibali cha TMDA, mamlaka inayosimamia dawa na vifaa tiba, kabla ya kurushwa. Nilifurahi kusikia mtu akisema waziwazi kwamba kumkatalia mteja mwenye fedha mkononi ni sehemu ya kazi ya uuzaji, ingawa nakumbuka kuna miezi tageti ilinifanya nisiulize.

Lililobaki ni somo la saba, la kukusanya madeni, na hili ningelipia peke yake. Kwa miaka yote nilidhani kwamba kazi yangu inaisha mteja anaposaini, na deni ni mambo ya mhasibu. Madam alianza na mfano wa kampeni ya shilingi 10,000,000 inayopitia kwa wakala. Wakala anaondoa kamisheni yake ya kawaida ya asilimia 15, yaani 1,500,000, zinabaki 8,500,000. Juu ya hizo inaongezwa VAT ya asilimia 18, ambayo ni 1,530,000, lakini hiyo ni ya serikali na inapita tu mikononi mwetu. Mlipaji akizuia kodi ya zuio ya asilimia 5 kwenye zile 8,500,000, anakata 425,000, na kituo kisipodai cheti cha kodi hiyo kimezipoteza. Kwa hiyo ofisa aliyekwenda kwa bosi wake akishangilia milioni kumi ameleta, siku fedha ikiingia, 8,075,000 za kutumia, na ikiwa itaingia baada ya siku 90, mishahara ya miezi mitatu imelipwa kwa fedha nyingine.

Kisha akatuonyesha kwa nini malipo huchelewa, na hapa niliona maisha yangu yakisomwa. Mwaka mmoja kabla ya kozi kuna mteja mkubwa aliyekaa na deni letu miezi mitano, nami nilikwenda ofisini kwake mara nyingi kiasi kwamba mlinzi wa getini alinizoea na kunikaribisha chai. Nilimlaumu mteja kwa kila mtu aliyetaka kunisikiliza. Kumbe ankara yetu haikuwa na namba ya LPO, yaani hati ya mteja ya kuagiza huduma, mhasibu wao aliiweka pembeni, na hakuna aliyeona haja ya kutuambia. Madam aliweka mezani bahasha kamili kama inavyopaswa kufika: ankara yenye namba ya LPO, nakala ya LPO yenyewe, cheti cha urushaji kinachoonyesha tarehe na saa ya kila tangazo lililoruka, risiti ya EFD, yaani ya mashine ya kodi, na barua fupi yenye jina la mtu wa kupigiwa simu kama kuna kasoro. Akatufundisha kumpigia mhasibu wa mteja siku tatu baada ya kupeleka bahasha, kwa swali moja tu la heshima: kuna kinachopungua? Swali hilo si la kudai, na ndiyo maana linajibiwa. Tangu nianze kufanya hivyo madeni yangu mawili yaliyokuwa yamelala yamelipwa, na moja kati yake lilikuwa limekwama kwa sababu cheti cha urushaji kilikuwa na tarehe iliyokosewa.

Somo la nane halikuwepo. Lilipaswa kuwa siku ya kutembelea ofisi ya wakala wa matangazo na kuwasilisha mapendekezo yetu mbele ya wanunuzi halisi wa muda wa hewani, na kwa watu wa mikoani, ambao mlango wa mawakala tunauona kwa nje tu, hiyo ndiyo ilikuwa sababu kuu ya kulipa. Ujumbe wa kuahirisha ulifika kwenye kundi la WhatsApp usiku wa Ijumaa, saa nne na dakika kadhaa, wakati tiketi yangu ya treni ilikuwa imeshanunuliwa. Tarehe mpya ilitajwa, ikapita. Vijitabu tulivyogawiwa navyo vilikuwa vimechapwa kutoka kwenye mafunzo ya nchi nyingine, mifano yote ikiwa ya dola na ya vituo vya televisheni vya huko, kiasi kwamba Madam mwenyewe hakuvifungua hata mara moja. Risiti ya EFD ya ada niliipata baada ya kuiomba mara tatu, jambo la kushangaza kwa watu waliotufundisha kupanga bahasha.

Kwa mtu anayefanya kazi Dar es Salaam, ambaye hatalipa nauli, ningesema alipe bila wasiwasi, na somo la tano alitumie kunywa chai. Kwa mwenzangu wa mkoani, ningemshauri awaulize waandaaji mambo mawili kwa maandishi kabla ya kutoa fedha: kama ziara ya kwa wakala imeshakubaliwa na wakala mwenyewe, na kama anaweza kulipia somo la kwanza, la tatu na la saba peke yake. Nilipowauliza hilo la pili walisema watalifikiria kwa awamu ijayo. Mzee wa mabati ameshasaini miezi mitatu mingine, saa zilezile za mchana, kwa bei ileile, na safari hii ametaka tangazo liseme kwamba kijana wa kupima paa anafika hadi Mvomero.